Maji ya Leontina

Valea Cireșului, 16 Juni 1977

Mwanangu Sabina,

Natumaini ulifika Cluj salama na ulipata kiti kwenye treni. Nimekaa kwenye kibanda changu cha kivuko cha reli. Treni ya mizigo imeshapita na ya abiria bado, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia. Mwandiko wangu unaujua, usiucheke. Barua zote za nyumba yetu aliziandika mama yako, mimi kazi yangu ilikuwa kulamba gundi ya bahasha. Sasa naandika na kulamba mwenyewe.

Kuku wazima. Mama yako mkubwa Veta alifua mapazia, akayatundika yakiwa mabichi, kisha akapanda basi akarudi kwake. Juzi asubuhi niliweka vikombe viwili mezani. Nikakitazama kile cha pili, halafu nikanywa vyote viwili, maana niliona vibaya kukirudisha kabatini kama kimefanya kosa.

Maji ya mama yako yanakwenda kila asubuhi tangu tulipomzika, mpaka arobaini. Dorina wa jirani huchota kisimani kwetu alfajiri, anachomeka tawi la rihani kwenye ndoo, anavuka reli na kumpelekea Mama Ruxandra. Ulikuwepo mama yako aliposema maji ya roho yake yapelekwe kwa Ruxandra, kwa kuwa kisima cha Ruxandra kina ladha ya kutu. Alikuwa kitandani hawezi kuinua kichwa, bado alifikiria chai ya mtu mwingine. Siku ya arobaini utakuwa hapa, na tutayaachilia maji yake mtoni kama inavyopasa.

Wewe soma, na kula. Nimekutumia jibini kwa mkono wa kondakta Neagoe. Ikifika imepungua, ujue ni yeye.

Baba yako,
Anghel


Cluj, 21 Juni 1977

Baba yangu,

Jibini imefika, na Neagoe hakuigusa. Aliniambia umemtisha kwamba siku akiimega utamfungia treni kivukoni hadi Krismasi.

Nimebakiza mitihani miwili. Uliniuliza tukiwa makaburini uchaguzi wa kazi unakwendaje. Ni hivi. Tarehe tisa Julai sisi wahitimu wa famasia tutaingia ukumbini kwa kufuata alama, wa kwanza mbele. Kwenye ubao yameandikwa majina ya miji yenye nafasi. Ukiitwa unasimama, unataja mji kwa sauti, karani anaufuta, basi. Ni miaka mitatu. Hakuna kusema nilikosea.

Nikifaulu hii miwili iliyobaki nitakuwa kati ya kumi wa mwanzo, kwa hiyo sitapewa makombo. Na hapo ndipo shida ilipo, Baba. Kuna nafasi moja Severin, duka la dawa karibu na stesheni. Saa moja kwa treni, na kila Jumamosi ningekuwa nyumbani kukupikia supu. Na kuna nafasi moja Suceava, kaskazini kabisa, kwenye hospitali ambako dawa wanazitengeneza wenyewe, si kuzihamisha tu kutoka rafu kwenda kaunta. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea. Ila ni usiku na mchana kwenye treni, na ningekuona Pasaka na Krismasi.

Silali vizuri. Olimpia, mwenzangu wa chumbani, anasema nimeanza kutaja miji usingizini kama mtangazaji wa stesheni. Jana nilisimama barabarani nimeshika mkate, nisijue kama nilikuwa nakwenda au narudi. Nikiwaza Suceava naona wewe na vikombe viwili. Nikiwaza Severin naona miaka mitatu ya kuuza aspirini, kisha najichukia kwa kuwaza hivyo.

Niambie mji mmoja tu. Mama angeniambia.

Na jambo la pili, tafadhali usilichukulie kwa wepesi. Kumbebea mama maji ilikuwa kazi yangu mimi binti yake, na nimemwachia mtoto wa jirani. Dorina akishindwa hata asubuhi moja niambie, nitaacha mtihani nije. Nilimwahidi mama kaburini kwamba maji yake hayatakatika.

Binti yako,
Sabina


Valea Cireșului, 26 Juni 1977

Mwanangu Sabina,

Nimesoma barua yako mara nyingi, hata niliwahi kuteremsha vizuizi vya kivuko na hakuna treni. Dereva mmoja wa lori alisubiri, akazima injini, akaniuliza, "Mzee, tunamngoja nani?" Nikavipandisha.

Severin ninaijua. Suceava naijua kwa mabehewa yake tu, huja yamejaa mbao na yananukia vizuri hata mvua ikinyesha. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia kitu kuhusu mji huo. Mimi nimeishi maisha yangu yote mahali ambapo treni hazisimami.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita tukakupeleka Severin kununua barafu tamu? Kulikuwa na ya cheri na ya vanila. Ulisimama pale kidole mdomoni mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Yule muuzaji akasema, "Binti, hapa si mahakamani." Mama yako akakununulia zote mbili, na ile ya cheri ikayeyukia kwenye mkono wako kwa sababu ulikuwa unaitazama ile ya vanila. Nimeikumbuka sana wiki hii.

Chagua pale ambapo utapata usingizi. Mimi sina mahitaji. Nina kuku, nina kazi, na supu najua kupika, ingawa bizari huwa inanizidi.

Kuhusu maji usihangaike hata kidogo. Dorina hajakosa hata asubuhi moja. Wewe fanya mitihani yako.

Baba yako,
Anghel


Cluj, 1 Julai 1977

Baba,

Mitihani nimeimaliza. Nimekuwa wa nane.

Nina swali dogo. Nataka kumnunulia Dorina zawadi kwa kumbebea mama maji. Hajambo? Huwa anakwenda mwenyewe na ndoo kwa Mama Ruxandra, au kuna mtu humsaidia? Nijibu kabla ya tarehe tisa, tafadhali.

Sabina


Valea Cireșului, 4 Julai 1977

Mwanangu Sabina,

Wa nane. Nimemwambia Neagoe treni yake ilipopunguza mwendo kivukoni, naye amelitangaza kwenye mabehewa yote matatu, na mwanamke mmoja mwenye bata kapuni akapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama yako pia, nikiwa nimesimama pale mlangoni alipokuwa akipenda kusimama na kisu na kiazi.

Dorina hajambo. Anakwenda mwenyewe, ni msichana mwenye nguvu. Saa hizo mimi huwa kibandani. Mnunulie utepe wa nywele, wa rangi yoyote.

Bega linaniuma kidogo la kulia, ni uzee, nimelipaka siki. Nitakusubiri arobaini. Ngano ya kuchemsha siku hiyo, ile padri huibariki, nimeshaisafisha.

Baba yako,
Anghel


Cluj, 9 Julai 1977

Baba,

Nimechagua Suceava.

Nilipoitwa, Severin ilikuwa bado ipo ubaoni. Olimpia alinifinya mkono na kuninong'oneza, "Haya, nenda kwa baba yako." Niliamka nikiwa nimeazimia kusema Severin. Ndiyo, Baba, nilikuwa nimeamua, tangu nilipoisoma barua yako yenye habari za barafu. Nilichotaka kilikuwa ni jibu moja tu la kweli kutoka kwako.

Mama mkubwa Veta aliniandikia mwishoni mwa Juni. Nakunakilia alivyosema, usije ukadhani nimeongeza chumvi: "Nimemwona shemeji yangu kwa macho yangu kutoka dirishani mwa basi. Kanyoa ndevu, kavaa shati jeupe la harusini, ana ndoo mkononi, anaingia uani kwa Ruxandra kabla watu hawajaamka, kama kijana anayechumbia. Nikauliza watu, wakaniambia ni kila siku. Na Dorina unayeambiwa anabeba maji hayupo, ana kifaduro, yuko kwa mjomba wake tangu wiki iliyofuata mazishi. Udongo wa dada yangu haujashikana bado."

Sikutaka kuamini. Nikakuuliza kuhusu Dorina, nikakupa nafasi. Ukaniambia hajambo, ni mwenye nguvu, anakwenda mwenyewe.

Ruxandra ni mjane, na wewe ni mpweke. Labda baada ya mwaka ningeelewa. Lakini maji ya mama yamekatika, wewe unajua yamekatika, na umeniandikia barua mbili za uongo huku unavaa shati lile. Ndiyo sababu hukutaka kunitajia mji. Mimi nilidhani unanihurumia.

Karani alifuta Suceava. Chaki ilikwaruza, na nikaketi. Arobaini sitakuja. Sijui ningesimama wapi.

Sabina


Valea Cireșului, 13 Julai 1977

Sabina binti Leontina,

Anayekuandikia ni Ruxandra wa ng'ambo ya reli. Baba yako amenikataza kukuandikia. Mimi sijamtii mwanamume yeyote tangu wa kwangu alipofariki, na hata yeye nilimtii siku za sikukuu tu.

Jana baba yako alifika na ndoo nusu. Akaitazama, akasema, "Hapana, hii imemwagika," akarudi mpaka kisimani kwenu akachota upya, maana maji ya marehemu hayafiki pungufu. Aliporudi aliitua ndoo akashika ukuta. Nikamwambia, "Anghel, kaa kwenye ngazi kabla hujaangukia kuku wangu." Akakaa. Akatoa barua yako mfukoni, akanipa, akatazama upande wa reli nilipokuwa nasoma.

Basi nisikilize, msichana. Dorina alibeba asubuhi saba, ya nane akaanza kukohoa mpaka akawa wa bluu, wakampeleka milimani kwa mjomba wake. Wasichana wengine hapa ni nani? Binti wa mwalimu yuko likizo baharini. Wajukuu wa Tudosia ni wavulana wote. Baba yako akaja kwangu amekunja kofia mikononi. Nikamwambia, "Mwandikie Sabina." Akasema, "Nikimwandikia ataacha mtihani aje. Ameapa, na huyo ni mtoto wa Leontina, atakuja kweli." Nikamwambia, "Hii si kazi ya wanaume." Akasema, "Najua."

Kesho yake alikuwa mlangoni kwangu na ndoo na rihani. Amenyoa. Amevaa shati la harusi. Nikamuuliza shati la nini. Akasema, "Nampelekea Leontina maji, nitavaa koti la reli?"

Wanawake kisimani walimcheka, unawajua. Mmoja akamwambia, "Anghel, sketi yako umeiacha wapi?" Akajibu, "Nimeianika, ilikuwa na jasho." Akajaza ndoo akaenda zake. Siku hizi hawacheki. Tudosia humwachia njia.

Unataka kujua uchumba wetu ulivyo? Anasimama kwenye ngazi, kizingiti changu hajakivuka hata mara moja. Anasema, "Haya ni ya Leontina." Mimi nasema, "Mungu amrehemu." Anamimina, anaondoka. Siku moja aliongeza kwamba mvua itanyesha. Haikunyesha.

Mimi na mama yako tulichambua maharage pamoja kwa miaka ishirini. Kama ningetaka mume, nisingemchukua mmoja anayetia bizari nyingi hivyo.

Maji ya mama yako hayajakatika. Yanaachiliwa tarehe kumi na tisa. Fanya unalotaka na Suceava yako, ila hilo ulijue.

Ruxandra Pârvu


Cluj, 16 Julai 1977

Baba,

Huenda nikaipita barua hii njiani, lakini siwezi kukaa mikono mitupu mpaka treni ya kesho.

Nimetoka kwa karani. Nilimwomba nibadilishiwe mji. Akanionyesha daftari lake: Severin ilichaguliwa na aliyeitwa baada yangu, mvulana wa Craiova ambaye mke wake anajifungua Septemba. Nilimwendea. Alinikaribisha vizuri, mkewe akanipa sharubati ya cheri, na tumbo lake liko hivi mbele yangu. Sikuweza hata kumwomba. Nikasema nimekuja kuwaaga.

Kwa hiyo ni Suceava, Baba, na si kwa sababu ya ile hospitali. Naogopa kwamba kila asubuhi huko nitakumbuka jinsi nilivyoupata mji huo.

Nakusihi usiyaachilie maji kabla sijafika. Sikuombi unisamehe. Nisubiri tu.

Sabina


Valea Cireșului, 2 Oktoba 1977

Mwanangu Sabina,

Barua yako ya kwanza kutoka Suceava imefika, nami nimeisoma kibandani, kisha kwa Mama Ruxandra, kisha kwa mama yako mkubwa Veta aliyekuja Jumapili. Veta alileta keki ya tufaha, akavuka reli akampelekea Ruxandra. Nilisimama uani nikingoja kelele. Hazikuja. Nilipochungulia walikuwa wanakula, kila mmoja anatazama sahani yake, na Ruxandra anamwambia, "Umeweka mdalasini kidogo." Veta akasema, "Ulikuwa mmoja tu dukani." Nadhani ndivyo walivyopatana.

Umeandika kwamba unapopima dawa unarudia kupima kila kitu mpaka daktari anakuja mwenyewe kuuliza iko wapi. Usione aibu. Mimi mwaka wangu wa kwanza kivukoni nilikuwa nateremsha vizuizi mapema mno, na magari ya ng'ombe yalikuwa yanajipanga hadi kanisani. Mama yako alipita siku moja na kikapu, akasubiri pamoja na ng'ombe, akaniambia, "Kijana, kwa mwendo huu wewe hutaua mtu, ila maziwa yetu yataganda." Ndivyo tulivyojuana. Acha daktari asubiri.

Umeniuliza pia, mara ya pili sasa, ningekutajia mji gani. Siku zile sikujibu kwa kuwa jibu langu lilikuwa la mtu anayekunywa vikombe viwili. Ningesema Severin. Ningelisema kwa haraka, nawe ungekuja, na ningefurahi kila Jumamosi, na kila Jumapili jioni ningekuona unafunga mkoba ukiwaza hospitali zinazotengeneza dawa. Nakuambia sasa kwa sababu mji umeshafutwa ubaoni na neno langu haliwezi kukuvuta upande wowote. Nilikutaka hapa. Bado ninakutaka hapa. Na umeniandikia kurasa mbili nzima jinsi mlivyotengeneza marhamu ya mtoto aliyeungua, nami nimezisoma hizo zaidi ya nyingine zote.

Huwa nafikiria sana ile asubuhi ya mtoni. Ulikuja moja kwa moja kutoka stesheni na viatu vya mjini, ukavivua pale kwenye mawe. Mshumaa ulikataa kusimama kwenye kile kipande cha kibuyu cha kuelea majini, ukaushikiza kwa ile gamu ya kutafuna ya Olimpia, na padri akajifanya haoni. Kisha ikaja zamu ya kuuliza, na wanawake wote wakakutazama wewe, maana ndiyo desturi, msichana aliyebeba maji anauliza nani atakuwa shahidi wake. Ukasema, "Siwezi kuuliza, sikubeba. Aliyebeba ni baba." Ukanisukuma mbele.

Mimi sijawahi kusema kitu mbele ya watu. Nikasema, "Uwe shahidi kwamba nimembebea maji Leontina." Ukasema, "Mimi ni shahidi." Nikauliza mara tatu, ukajibu mara tatu, na ya tatu nilikuwa sikusikii vizuri kwa sababu ya maji. Kile kibuyu kilizunguka kidogo, kikakwama kwenye matete, kikatoka. Ulikifuata kwa macho mpaka kwenye kona ya msitu, nami nilikuwa nakutazama wewe.

Tangu siku hiyo naamka alfajiri ile ile na sina pa kupeleka ndoo. Kwa hiyo nachota tu, namwagia rihani. Imekuwa kubwa, nimekukaushia tawi moja, limo ndani ya bahasha. Likivunjika njiani, majani yake bado yatanukia.

Kondakta Neagoe amenijulisha kwa kondakta wa treni ya kaskazini, mtu anayeitwa Hrihor. Jibini itafika ikiwa imepita mikono miwili, sijui itabaki kiasi gani. Krismasi nitakuwa kwenye kivuko saa ya treni yako. Haisimami hapa, unajua, lakini nitainua taa. Kaa dirisha la kulia.

Uliniambia hapo Suceava hakuna kisima, ni bomba jikoni, na maji yake ni ya baridi sana. Asubuhi ukilifungua, kabla hujajaza glasi, yaache yatiririke kidogo, na unikumbuke.

Baba yako,
Anghel